Agizo la Giza na Nyumba ya Bi Sikudhani

Kulikuwa na nchi, na mpaka sasa ipo, ila jina lake silitaji, kwa kuwa aliyenikataza kulitaja amenikataza kumtaja na yeye. Ilikuwa nchi nzuri. Mvua ilinyesha kwa ratiba, na ratiba ikikosewa, mvua ndiyo iliyoandikiwa barua ya onyo. Makao makuu yake yaliitwa Utulivu, mji ambamo sijapata kumwona mtu amekaa.

Asubuhi moja Mheshimiwa Sana, ndiye mkuu wa nchi hiyo, alifungua simu yake asome watu wamemsifuje. Weupe wa kioo ukamchoma macho. Dereva wake akamwonyesha pa kubonyeza, kioo kikageuka cheusi, herufi zikawa nyeupe. Mheshimiwa Sana akapepesa macho, akasema, "Ah. Hii nzuri."

Maneno matatu. Kwingine maneno matatu yangebaki kuwa maneno matatu. Kule, kabla ya chai ya saa nne, yalikuwa yamechapwa na kupigwa mhuri, na ilipofika adhuhuri palikuwa na Kurugenzi ya Giza, yenye mkurugenzi, gari na bendera. Bendera ilikuwa nyeusi, na katikati yake palikuwa na nembo nyeusi.

Mkurugenzi aliitwa Bwana Tindwa, mtu wa tai ndefu na subira fupi. Alihutubia redioni siku hiyohiyo.

"Ndugu wananchi! Serikali zilizotangulia ziliwaahidi giza, hazikuleta. Sisi tumeleta, tena kabla ya muda! Kuanzia leo kila kioo, kiwe cha simu, cha kompyuta au cha televisheni, kitakuwa cheusi chenye maandishi meupe. Faida zake hazihesabiki. Nazo ni nne. Macho yatapumzika. Chaji itakaa. Mtu akisoma kitandani hatamsumbua mwenzake. Na adui akituchungulia kutoka angani, ataona hatupo!"

Nisiwe mchoyo, mengine yalikuwa kweli. Bi Sikudhani, fundi cherehani wa Mtaa wa Kisima Kavu, mjane wa marehemu Malongo, alikuwa na simu iliyokuwa ikizimika saa nane mchana kila siku. Baada ya agizo ikawa inafika magharibi.

"Kumbe wakati mwingine wanapatia," alimwambia Mzee Kambangwa, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtani wake wa miaka thelathini.

"Usiwasifu kwa sauti, mtani," Kambangwa akajibu huku akipuliza nywele kwenye mashine yake. "Wakisikia watakuja kukagua unachokisifu."

Shida ilianza alipokaa barazani kushona. Juani kile kioo cheusi hakikumwonyesha ujumbe wa mteja, kilimwonyesha pua yake. Akiingia ndani nako, macho yake yana kasoro. Daktari aliwahi kumwambia mboni zake si duara sawasawa. Herufi nyeusi juu ya weupe alizisoma bila taabu. Nyeupe juu ya weusi zilimtawanyikia, zikatoa ukungu pembeni kama kitu kilichoandikwa kwa maziwa. Wiki ile mteja alimtumia kipimo cha kiuno cha binti yake, inchi ishirini na sita. Bi Sikudhani akasoma themanini na sita. Sketi ilipokamilika ingeweza kuwaenea binti, mwalimu wake, na nusu ya darasa la nne.

Akaifumua. Akajiambia litapita. Mambo ya nchi ile mengi yalipita, ila yalipopita yalikukanyaga mguu.

*

Haya, tegueni hiki: ni mtu gani aliyelala kwake akaamka kwa serikali?

Ni Bi Sikudhani, Jumamosi asubuhi. Alitoka na ufagio akakuta kwenye ukuta wake alama kubwa ya mkasi, nyekundu, rangi bado inachuruzika. Kila mtu nchini aliijua alama ile. Nyumba iliyopigwa mkasi inabomolewa. Chini yake waliandika: IJUMAA.

Kijana mpaka rangi alikuwa keshafika nyumba ya tatu, kopo mkono mmoja, kishikwambi mkono mwingine.

"Mwanangu, umekosea nyumba!"

"Shikamoo mama. Sikosei. Njoo uone mwenyewe." Akakiingiza kishikwambi ndani ya shati lake ili kipate kivuli, naye Bi Sikudhani akachungulia kwenye shati la mwanamume asiyemjua. "Namba arobaini na moja. Nyeusi."

"Mwaka jana ilikuwa nyeupe!"

"Mwaka jana ulikuwa mwaka jana, mama," akasema kwa upole, akachovya brashi.

Mambo yalikuwa hivi. Barabara Kuu ya Mheshimiwa Sana ilitakiwa kupanuliwa, na wahandisi walichora ramani zamani. Nyumba za kubomolewa walizipaka nyeusi, za kubaki wakaziacha nyeupe. Upande wa kusini, kwa kina Kambangwa, zote zilikuwa nyeusi. Kambangwa alishapewa kiwanja kingine, ila alipokwenda kukitazama alikuta samaki wamehamia kwanza. Upande wa kaskazini, kwa kina Bi Sikudhani, zote zilikuwa nyeupe.

Likaja Agizo la Giza. Vioo vikageuzwa, na ramani nayo ikageuka. Iliyokuwa nyeupe ikawa nyeusi, iliyokuwa nyeusi ikawa nyeupe. Hakuna aliyekosea. Mpaka rangi alisoma ramani vizuri, mhandisi aliichora vizuri, na Mheshimiwa Sana macho yake yalikuwa yanaendelea vizuri.

Kambangwa alivuka barabara na povu la sabuni mkononi, akausoma ule ukuta, akakosa utani wa kusema. Hilo ndilo lililomwogopesha Bi Sikudhani kuliko rangi.

*

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa kwenye foleni ya Kurugenzi ya Giza. Foleni yenyewe haikutulia. Dirisha la pili liliwapeleka watu la tano, la tano likawarudisha la pili, na katikati walipishana wakiulizana, "Wewe unatoka wapi?" "Natoka unakokwenda." Kwa kuwa vioo vyeusi havisomeki penye jua, madirisha yalizibwa kwa magunia. Kwa kuwa sasa ndani hapaonekani kitu, taa ziliwashwa mchana kutwa. Umeme uliookolewa na giza ukawa unaliwa na taa, na taarifa ya Kurugenzi ikasema mambo yamelingana.

Tena nchi ile ilikuwa na desturi iliyo kongwe kuliko kompyuta zake. Jambo halikuwa kweli mpaka lichapwe kwenye karatasi na kupigwa mhuri. Hata kilichomo kwenye kompyuta kilichapwa, kikapigwa mhuri, kikafungiwa kwenye faili, ndipo kompyuta yenyewe ikaaminiwa. Sasa kurasa ni nyeusi, basi zikachapwa nyeusi, na wino wa mwaka ukaisha kwa siku mbili. Mhuri wa zambarau nao, ukiupiga kwenye karatasi nyeusi, humwoni aliyepiga wala alichopiga. Wakuu walijifungia kutwa nzima, wakatoka na uvumbuzi: mhuri uchovywe kwenye uji wa unga wa muhogo. Ukikauka ulionekana vizuri mno. Wa kwanza kuugundua walikuwa kuku, na faili nyingi za ardhi zilidonolewa mwezi ule.

Ofisini kwa mkurugenzi alikuwepo karani Mashaka, mtu wa makamo, miaka ishirini na sita kazini. Kazi yake ilikuwa moja: neno lolote litokalo kinywani mwa mkurugenzi aliandike, alichape, alipige mhuri, nakala tatu. Bwana Tindwa akikohoa, Mashaka aliandika, "Akakohoa."

Bi Sikudhani aliingoja shikamoo ya Bwana Tindwa. Haikuja. Akaiacha.

"Shida yako, mama?"

"Nyumba yangu, mwanangu. Imepigwa mkasi, na ramani ilisema inabaki."

"Ramani ipi?"

"Hiyo ya kwenye kishikwambi ulichoshika, kabla haijageuzwa."

Bwana Tindwa akaitazama chini ya taa. "Arobaini na moja. Nyeusi."

"Ni nyeusi kwa sababu mmegeuza. Mimi ni fundi. Khanga ukiigeuza, ua jeupe haliwi jeusi kwa sababu mwenye khanga amelitaka. Limegeuzwa tu, na khanga ni ileile. Bonyeza hapo pembeni kidogo, utaiona nyumba yangu inavyong'aa."

"Unataka kuniambia serikali imevaa khanga ndani nje?"

"Sijasema imevaa khanga."

"Karani, andika: hajasema."

"Sekunde moja tu, mwanangu."

"Kuwasha weupe ni miezi sita ndani, mama. Kuna mtu aliuwasha chooni kwake, mwanga ukapita chini ya mlango. Yuko ndani mpaka leo. Si chooni."

"Basi nani anaweza kusema nyumba yangu ni nyeupe?"

"Ramani."

"Na ramani inasemaje?"

"Nyeusi," akasema Bwana Tindwa, akasimama, akazunguka meza, akakaa, akasimama tena. "Lakini usije ukasema serikali haisikii. Jumatano kuna Tume ya Faida na Hasara za Giza. Nenda ukaseme huko. Huko ndiko tulikotenga kwa ajili ya kusema."

*

Tume ilikaa Ukumbi wa Masikio ya Taifa. Wajumbe walikuwa tisa, na kila mmoja alikuwa na kikao kingine cha kuwahi, hivyo walitikisa miguu chini ya meza mpaka bilauri zikawa zinagongana.

Wa kwanza alikuja fundi simu. "Ni kweli giza linatunza chaji," alisema, "kwenye simu hizi mpya, ambazo penye weusi taa zake huzimika kabisa. Ila kompyuta zenu za ofisini ni za kizamani. Zina taa nyuma ya kioo, inawaka vilevile. Ziwe nyeusi ziwe nyeupe, zinakula umeme uleule."

Akashukuriwa, na kipaza sauti chake kikazimwa ili kutunza umeme.

Akaja daktari wa macho, dada mmoja mwembamba mwenye haraka. "Ukiwa mahali penye giza, kioo cheusi kinapumzisha macho. Ukiwa penye mwanga, maandishi meusi juu ya weupe yanasomeka vizuri zaidi kwa watu wengi. Na wapo ambao macho yao herufi nyeupe zinayatawanyikia. Dawa yake rahisi sana. Kila mtu achague mwenyewe."

Mwenyekiti akashusha miwani.

"Achague," akauliza, "kwa agizo la nani?"

Daktari akaangalia saa, akaondoka.

Zamu ya Bi Sikudhani ikafika. Alikuwa amepanga maneno tangu Jumatatu na sasa yote yamekimbia.

"Mimi nashona," akasema. "Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi naushona kwa kupapasa. Ni taabu, lakini gauni linatoka. Sina ugomvi na giza. Simu yangu inakaa na chaji, nashukuru. Ugomvi wangu ni nyumba. Marehemu mume wangu aliijenga kwa mikono yake miaka saba, tofali kwa tofali, na Ijumaa inabomolewa kwa sababu kuna mtu asubuhi moja aliumwa macho."

"Ushahidi wako umepokelewa," akasema mwenyekiti, "isipokuwa maneno."

Baada ya dakika kumi na moja Tume ikatoa uamuzi, na uamuzi ulisifiwa kwa hekima yake mpaka nchi za jirani. Kwa kuwa giza lina faida na hasara, na kwa kuwa serikali haipendelei, vioo vyote vitakuwa vyeusi kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana, na vyeupe kuanzia saa sita hadi jua litue. Vitajigeuza vyenyewe.

"Na jua likishatua?" mtu akauliza.

"Wataalamu bado wanalitazama."

*

Sasa fikirini ramani inayojigeuza saa sita.

Kuanzia Alhamisi, asubuhi Bi Sikudhani alikuwa mvamizi wa barabara na Mzee Kambangwa raia mwema. Saa sita ikigonga, Kambangwa akawa mvamizi na Bi Sikudhani raia. Na kwa kuwa Kurugenzi ilitangaza kwamba chombo chochote kitakachokutwa ndani ya nyumba nyeusi kitahesabiwa ni kifusi, mtaa mzima ukaanza kuhama. Kaskazini walibeba kila kitu kwenda kusini alfajiri. Saa sita kasoro kusini walibeba vyao, na vya kaskazini, kurudi kaskazini. Vitanda vilipishana na makabati katikati ya barabara. Mama mmoja aliinjika wali upande huu ukaivia upande ule. Kuku walikaa katikati na kutaga hapohapo, wamekata tamaa na pande zote mbili.

"Mtani!" Kambangwa aliita kutoka chini ya godoro. "Hili lako lina kunguni!"

"Si wangu, wanatoka kwako! Walilipanda asubuhi lilipokuwa kwako, wakalipenda!"

"Nilidhani nitazeeka nikikudai deni la utani, kumbe nitakufa nikikubebea kitanda!"

"Beba, na ukigonga kabati langu utalala nje pande zote."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kinahema. Cherehani ya Bi Sikudhani ilikuwa ya miguu, chuma kitupu, watu wanne kuibeba. Kila ilipotua upande mmoja aliketi ashone, na kabla mshono haujanyooka kuna mtu anapiga kelele, "Saa ngapi?" Mikono yake ilizoea mstari ulionyooka miaka arobaini. Sasa kila alichokishona kilikwenda upande, kama na chenyewe kinataka kuvuka barabara.

Alhamisi ile, vyombo vilipokwisha kutoka, alirudi peke yake chumba cha kati kuangalia kama amesahau kitu. Akakiona ukutani, kando ya mlango. Malongo alikuwa akiwasimamisha watoto pale kila mwaka mpya, kisu mkononi, anakwaruza ukutani urefu wa kila mmoja. Mistari kumi na miwili. Mmoja ulikuwa chini sana, wa binti yao Tatu, aliyefariki ana miaka miwili na hakuwahi kukwaruzwa wa pili.

Godoro hubebwa. Kabati hubebwa. Bi Sikudhani akaweka kiganja juu ya ule mstari wa chini, akasikia wanamwita waondoke, akasikia wanamwita tena. Akatoka akiwa amekata shauri kwamba kesho habebi kitu.

*

Ijumaa saa tano na nusu tinga la kubomolea likaingia Mtaa wa Kisima Kavu. Dereva wake aliitwa Kingwande, na tofauti na wakubwa zake alilelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Ningekupa, ila majirani wamenibebea vyombo kwa Kambangwa." Alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, amefunga khanga kiunoni.

Gari la Kurugenzi likafika, bendera nyeusi mbele. Bwana Tindwa akashuka na kishikwambi, karani Mashaka nyuma yake na faili, mhuri, kikopo cha uji wa muhogo, na mashine ndogo ya kuchapa iliyounganishwa kwenye betri ya gari. Utaratibu ulikuwa wazi. Tinga halikugusa ukuta mpaka mkurugenzi aisome namba ya nyumba kwenye kioo, kwa sauti, na karani aandike.

Jua lilikuwa linaelekea utosini. Bwana Tindwa akainua kishikwambi. Hakuona ramani, aliona mtu mwenye tai iliyopinda. Akainyoosha tai. Akakisogeza huku, akaona sharubu zake, akazipangusa. Akakisogeza kule. Mtaa mzima, pande zote mbili, uliacha vitanda chini ukamtazama mkurugenzi anavyojitazama.

Bi Sikudhani aliona jicho lake likienda kwenye kivuli cha gari. Hatua nne tu. Akifika pale ataisoma, na saa sita bado dakika ishirini. Akasema kitu cha kwanza kilichompanda kinywani, kwa sauti ya kuita watoto:

"Kitendawili!"

"Tega!" akajibu Bwana Tindwa.

Hakukusudia. Mdomo ulimtangulia. Hapakuwa na mtu aliyelelewa nchi ile akalisikia neno hilo akaweza kunyamaza. Ni kama chafya. Karani Mashaka akaandika: "Mkurugenzi akasema, Tega."

"Ninacho cheusi," akasema Bi Sikudhani. "Kivulini kinanionyesha dunia, juani kinanionyesha mimi."

"Mama, mimi niko kazini."

"Umeshasema tega, Mheshimiwa," akasema Kingwande kutoka juu ya tinga, amezima injini asikie vizuri.

Bwana Tindwa akatazama watu, watu wakamtazama. "Chungu," akasema.

"Siyo."

"Kisima."

"Siyo."

"Wapinzani!"

"Hao hawakuonyeshi wewe, mwanangu. Umeshindwa?"

"Serikali haishindwi. Serikali imeahirisha jibu."

"Basi nipe mji."

Mnaijua desturi. Aliyeshindwa kutegua hutoa mji, na mtegaji haridhiki na mji wowote tu. Bwana Tindwa alipangusa jasho kwa ncha ya tai.

"Chukua Mtopeni."

"Mtopeni nimekwenda, nikaitafuta barabara, nikaambiwa imo kwenye hotuba. Nimerudi."

"Chukua Maguniani."

"Maguniani nimekwenda, nikakuta foleni, nikauliza ni ya nini, wakaniambia wenyewe wamesahau. Nimerudi."

"Chukua Kwa Waziri!"

"Nimekwenda, nikaambiwa yuko safarini. Nimerudi."

Watu walikuwa wanacheka sasa, wameshikana mabega. Bwana Tindwa aliangalia saa yake, akaangalia jua, akapiga mguu chini. "Haya chukua Utulivu! Chukua makao makuu yote, tuondoke hapa!"

"Utulivu nimekwenda," akasema Bi Sikudhani taratibu, "nikakaribishwa, nikapewa kigoda, nikakaa. Nimepapenda. Jibu ni hicho ulichoshika mkononi."

Bwana Tindwa akakitazama kishikwambi. Mtu aliyekuwemo ndani akamtazama na yeye, amekasirika.

Nyuma ya gari mashine ilikuwa inatoa karatasi. Karani Mashaka akachovya mhuri, pa, pa, pa, nakala tatu, akazianika juu ya boneti.

"Sasa nasoma namba," akasema mkurugenzi, akaenda kivulini. "Nyumba namba arob—"

"Samahani, Mheshimiwa," akasema karani Mashaka. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumkatiza mtu. "Amri ya kubomoa inasema, 'Imetolewa Utulivu.' Na Utulivu, saa tano na dakika arobaini na tisa, umempa mama." Akamwonyesha karatasi nyeusi, mhuri mweupe. "Itabidi mwenye mji aikubali."

"Ule ulikuwa mchezo, Mashaka!"

"Una mhuri, Mheshimiwa."

Bwana Tindwa akainyakua ile karatasi akaipuliza, fuu, na nusu ya mhuri ikaruka hewani. Karani akazitia nakala mbili zilizobaki ndani ya faili, akalikumbatia faili.

Mkurugenzi akamwendea Bi Sikudhani karibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtoto wa mtu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Imechelewa, lakini marahaba."

"Nitamwambia nini Mheshimiwa Sana? Kwamba nimempa fundi cherehani makao makuu, na yeye yumo ndani?"

"Mimi mji sina kazi nao. Watu wake hawakai. Nitaurudisha kwa maandishi, na wewe utaandika nyumba yangu. Ila tungoje kidogo."

"Tungoje nini?"

"Karatasi nyeupe."

Wakangoja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali ile kusimama mahali pamoja dakika kumi. Kisha kishikwambi kikalia, kioo kikajigeuza, na kule juani ramani ikaonekana wazi kabisa, nyumba namba arobaini na moja ikiwa nyeupe kama jino. Mashine ikatoa karatasi nyeupe, maandishi meusi, mhuri wa zambarau. Bi Sikudhani akaishika mbali na macho, herufi zikatulia, akaisoma mara mbili: Nyumba hii ni ya Sikudhani, mjane wa Malongo, na haitabomolewa kwa rangi yoyote ya kioo. Akaikunja akaitia kifuani. Ndipo akaegemea mlango wake.

"Mheshimiwa," Kingwande aliita, "saa sita imepita na mafuta yapo. Nigeuze?"

Kwa maana upande wa kusini sasa ulikuwa mweusi. Bwana Tindwa, aliyekuwa na haja kubwa ya kubomoa kitu chochote kabla ya chakula cha mchana, akainua kishikwambi kinachosomeka vizuri, akaelekeza kidole. Tinga likaunguruma, likazunguka taratibu mpaka likatazamana na kinyozi.

Mzee Kambangwa akatoka mlangoni na taulo begani.

"Kitendawili!" akasema.

Bwana Tindwa aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kishikwambi kikaanguka. Kutoka namba thelathini na nane mama wa wali akaita, "Kitendawili!" Kutoka namba hamsini na mbili, "Kitendawili!" Wakatoka nyuma ya makabati, wakashuka kwenye vitanda vilivyoachwa barabarani, mtaa mzima, kaskazini kwa kusini, na neno ni hilohilo. Mkurugenzi akakimbilia gari, mikono bado mdomoni, akaufungua mlango kwa kiwiko, na gari likaondoka na bendera yake. Mashine ya kuchapa, waya umekatika, ikabaki barabarani.

Na karani Mashaka akabaki pia, maana faili lilikuwa limemzidi kukimbia nalo. Akatazama vumbi la gari. Akatazama wale watu. Bi Sikudhani akamsogezea kigoda, naye akakaa, akaweka faili mapajani, akachomoa karatasi nyeupe kama ile ya Bi Sikudhani, akauchovya mhuri kwenye wino wa zambarau.

"Tega," akasema.